Babu Niliyemzaa Mwenyewe

Sehemu ya Saba: Kondoo Afunguliwa

Kama wiki iliyopita ulifungiwa chapati kwa gazeti hili kabla hujalisoma, sikulaumu. Hata mimi ningekula kwanza. Acha nikurudishe nyuma kidogo, kisha tuendelee na aibu yangu kutoka pale ilipofika.

Mimi ni Vincent Ojiambo wa Buhehe. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa wakala wa forodha hapa mpakani Busia. Kazi yangu ilikuwa kujaza fomu ili malori yapite, na fomu ina sheria moja ambayo kila wakala anaijua: usiache nafasi tupu. Ukikosea utasahihishwa. Ukiacha nafasi tupu, lori litakaa palepale mpaka nyanya zioze.

Nilipostaafu, wenzangu walinunua ng'ombe. Mimi nilinunua karatasi za manila nikaanza kutafuta mababu. Ugonjwa huu huwapata watu wenye wajukuu. Ukishaona watoto wa watoto wako, unataka kujua mstari ulianzia wapi, ili nawe uonekane uko katikati ya kitu. Nilizunguka Busia zote mbili, yetu na ya Kenya, nikiwauliza vikongwe nani alimzaa nani, nikaandika yote katika daftari.

Mjukuu wangu Lillian ndiye aliyekuwa akinichapia. Huyu nimemlea tangu baba yake, mwanangu, alipofariki. Siku moja akainua uso kutoka kwenye kompyuta akasema, "Kuka, hapa kwa ndugu wa pili wa babu yako pana nafasi tupu. Niandike hajulikani?" Kuka ndivyo sisi Wasamia tunavyomwita babu.

Hajulikani, mbele ya mjukuu wangu. Nikamwambia aandike Odwori. Alivuka wakati wa njaa akaenda upande wa Tororo, akaoa katika kijiji cha Mulanda, akazaa huko. Lillian akaandika kwa vidole vyake mwenyewe. Jina hilo nililiazima kwa fundi cherehani aliyenishonea suruali.

Ukoo ukachapisha kijitabu. Mwenyekiti wa ukoo, Mzee Mangeni, chifu mstaafu wa upande wa Kenya, akampenda Odwori kuliko mababu wote walioishi kweli. Akamwekea jiwe la kumbukumbu pale njia inapochepuka kuja kwangu. Kijitabu nacho kikasafiri hadi Mulanda, kikaingia katika nyumba ya marehemu Mzee Obore, mtu wa kabila la Wajapadhola ambaye alikufa akisisitiza kwamba asili yake ni Samia. Watu wake wakajiona wazao wa Odwori, wakalia kwa furaha. Wakaja kwangu na mbuzi kusalimia nyumbani kwao, na mjane wake, Bibi Teopista, akaja na udongo wa kaburi la mumewe ndani ya kitambaa, tukauzika uani.

Tatizo ni kwamba mjukuu wa Obore anaitwa Brian, na Brian ndiye aliyekuwa amemposa Lillian wangu. Wazee wakahesabu kwa vidole. Odwori wa Mulanda ni wetu, basi Brian ni wetu, na kwetu mtu haoi ndani ya ukoo wake. Posa ikasimama.

Hapo ndipo tulipoishia: nimemzaa babu, naye amekula harusi ya mjukuu wangu.

*

Jumamosi wazee walikuja kukata udugu.

Mila yetu ina mlango mdogo wa nyuma kwa ndugu wa mbali, wa vizazi vitano au zaidi. Kondoo anachinjwa katikati ya pande mbili, kila upande unakula nusu yake bila kuonja ya wenzao, na tangu siku hiyo hao si ndugu tena. Wanaweza kuoana, lakini hawawezi kuzikana. Kwa ndugu wa karibu mlango huo haupo. Hata ukileta kondoo kumi, utakula nyama tu.

Mimi nilikuwa nimeukubali mpango huo kwa moyo mweupe. Kondoo atakufa, Odwori atabaki na heshima yake, Lillian ataolewa, na mimi sitasema neno. Nilimweleza mke wangu Nasirumbi hivyo jikoni, wakati anakoroga chai ya wageni.

"Mzee," akasema bila kugeuka, "leo unachinja kondoo ya watu juu ya fundi wa suruali."

Nasirumbi alikuwa anajua tangu mwanzo. Aliniambia siku ileile kwamba njia ya mwongo ni fupi, nami nikamjibu kwamba huu si uongo, ni makadirio. Forodhani makadirio yanakubalika.

Nikamwambia kondoo hatajua amekufa kwa ajili ya nani. Akaniuliza kama nimesahau alichosema Lillian kwa simu.

Sikuwa nimesahau. Lillian anafanya kazi katika maabara ya hospitali moja huko Tororo. Alikuwa ameniambia, kwa sauti ya kumwelewesha mgonjwa, "Kuka, mimi nashinda na damu za watu kwenye chupa. Kondoo hakati damu. Kama Brian ni ndugu yangu, hata mkichinja zizi zima atabaki ndugu yangu. Siolewi." Pete alikuwa amekwisha kuirudisha. Siku ya kuirudisha alikwenda kazini kama kawaida, akapima watu malaria mpaka saa kumi.

Niliumia. Nitasema wazi, kwa kuwa safu hii nimeianza ili niseme wazi: niliumia kuliko siku niliyomzika baba yake. Siku ile nilikuwa nimeonewa na kifo. Hii nilikuwa nimeifanya mimi, kwa kalamu ya wino wa buluu.

Nasirumbi akafungua kopo la unga akatoa daftari, likiwa limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Daftari lile la kwanza, ambalo nilimwambia alichome.

"Nilijua siku moja itakuokoa ama itakunyonga," akasema. "Sasa wewe chagua."

*

Viti vilipangwa uani safu mbili, yetu na ya Mulanda, na kondoo alifungwa kwenye kigingi katikati. Kondoo huyo ndiye pekee aliyeonekana hana wasiwasi. Alikuwa anakula sukuma wiki ya Nasirumbi iliyopenya kwenye ua.

Upande wa Mulanda aliketi Bibi Teopista, ndani ya gauni la gomesi la rangi ya zambarau, na pembeni yake Brian, ambaye alikuwa amekonda hadi kola ya shati ilimzunguka shingo bila kuigusa. Huyu mama alikuwa amenishangaza. Watu wake walilia kuambiwa kwamba watakatwa kutoka nyumbani walikokupata juzi. Yeye alikubali siku ileile, tena akauliza kama kondoo anaweza kupatikana mapema. Nilidhani ni uzee.

Lillian alikuja, lakini alikataa kukaa. Alisimama mlangoni akiwa amekunja mikono.

Mzee Mangeni akafungua kikao kwa historia ya Odwori. Kila mkutano Odwori alikuwa akiongezeka urefu. Mara hii alikuwa mpiga mieleka, na alivuka hadi Padhola amebeba mama yake mgongoni. Nikamtazama Lillian pale mlangoni. Alikuwa anasikiliza kwa adabu, kama alivyofundishwa na mimi, jinsi babu ambaye hakuwepo alivyovuka na kumwachia maisha bila mume.

Nikasimama.

"Odwori hakuwepo," nikasema.

Mangeni akasubiri nimalize sentensi. Alipoona simalizi, akauliza kwa upole, "Hakuwepo wapi?"

"Popote."

Nikaeleza yote. Nafasi tupu, kompyuta, fundi, suruali. Nikasema nimetunga kwa kuwa nilishindwa kumwambia mjukuu wangu kwamba sijui. Nikaomba radhi kwa pande zote mbili, kisha nikakaa nisubiri kutukanwa.

Hakuna aliyenitukana. Mangeni aliinuka, akanishika bega, akageukia watu.

"Ndugu zangu, oneni upendo wa babu," akasema. "Mzee huyu yuko tayari kumuua babu yake ili amwoze mjukuu wake. Tusimhukumu. Na sisi tuna wajukuu."

Watu wakanipigia makofi ya huruma. Mzee mmoja wa upande wetu, ambaye sitamtaja kwa kuwa tunakaa benchi moja kanisani, akasimama kuthibitisha kwamba yeye binafsi alisikia habari za mieleka ya Odwori kutoka kwa baba yake mzazi, na kwamba pigo lake kubwa lilikuwa la mguu wa kushoto.

Nilishika kichwa. Miaka mitatu nimesema uongo usio na faida yoyote kwangu, nikaaminiwa neno kwa neno. Leo nasema kweli, na kwa kuwa kweli hiyo inanifaa, mimi ni mwongo.

Ndipo Nasirumbi akapita katikati ya safu na trei ya vikombe. Mbele ya Mangeni hakuweka kikombe. Aliweka daftari, limefunguliwa ukurasa wa tisa.

Mangeni akavaa miwani. Pale kwenye kisanduku cha ndugu wa pili wa babu palikuwa pameandikwa Wandera, limekatwa. Chini yake Bwire, limekatwa. Halafu Odwori, limezungushiwa duara mara mbili kwa furaha. Na pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe: *Odwori fundi. Suruali ya kijivu. Alhamisi.*

Chifu ni chifu hata akistaafu. Alisoma kwa sauti yote yaliyokuwa mbele yake, pamoja na ile Alhamisi. Kisha akalifunga daftari, akalipangusa unga.

"Lile jiwe nililipaka rangi kwa mkono wangu," akasema.

Yule mzee wa mieleka akaomba aongezewe chai.

Bibi Teopista hasomi. Alimgusa Brian, Brian akamweleza kwa lugha yao, Kidhopadhola, naye akasikiliza huku akitikisa kichwa polepole. Halafu akanitazama mimi.

"Mkwe, basi sisi hatuna nyumbani tena?"

Sikuweza kumtazama. Kutukanwa nilikuwa nimejiandalia, lakini swali hilo sikuwa nimejiandalia. Nikamwambia nyumba yangu ni yake, akanijibu ahsante kwa namna ambayo mtu hujibu akipewa kiti kibovu.

"Na hiyo kondoo," akauliza, "nyinyi mnaifungua?"

Mangeni akasema hakuna udugu wa kukata, kwa hiyo kondoo hana kazi. Akamfungua mwenyewe. Bibi Teopista alimfuata yule kondoo kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya choo. Nilimwona. Sikuelewa, lakini nilimwona.

*

Lillian alitoka mlangoni akaja akakaa chini kwenye mkeka, karibu na miguu yangu, kama alipokuwa na miaka sita nikimpa mihuri ya zamani achezee. Alikuwa anacheka na kulia.

"Kuka, ungeniambia tu hujui."

"Babu hasemi hajui."

"Nani alisema?"

Nikamwambia ni sheria ya forodha.

Brian alivuka kutoka safu yao. Alitoa pete kwenye mfuko wa shati, maana alikuwa akitembea nayo muda wote huo, na Lillian akanyoosha kidole. Wanawake wa pande zote mbili wakapiga vigelegele vilivyofika barabarani. Nasirumbi akanitazama kutoka jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kutafuta mababu, alinitazama kama mtu mwenye akili timamu.

Laiti kikao kingefungwa hapo.

"Hata hivyo mimi nilikuwa nimeshatafuta ukweli wangu," Lillian akasema, akipangusa macho. "Unakumbuka ile pamba niliyokupitisha shavuni Jumapili ile?"

Nilikumbuka. Aliniambia ni mambo ya meno.

"Haikuwa meno. Nilipeleka yako na ya Brian kwenye maabara moja Kampala. Ile ya DNA, ya mstari wa kiume. Inaonyesha kama mna babu mmoja. Majibu yanakuja Ijumaa." Akacheka. "Nilikuwa siwezi kula. Sasa hata siogopi."

Ningemgombeza kwa kunidanganya, lakini kwa siku hiyo sikuwa na mamlaka hayo. Badala yake nilipandwa na furaha. Kiherehere hakina umri, ndugu msomaji. Nilisimama tena bila kuombwa, nikatangaza kwamba majibu hayo yasomwe hapahapa uani Ijumaa, mbele ya ukoo wote, na nitayasoma mimi mwenyewe chini ya picha ya baba yangu, ili kila mtu ajue kwamba mstari wetu ni safi na hauna chenga hata moja.

Picha ya baba yangu iko sebuleni. Katekista Yokana, mwalimu wa dini, amevaa kanzu, ameshika baiskeli yake. Katika kile kijitabu nilimwandikia kurasa tatu nzima. Niliandika kwamba alikuwa mume wa mke mmoja, na kwamba hakuwahi kulala nje ya nyumba yake isipokuwa kwa kazi ya Bwana.

Mangeni akachangamka. Alikuwa amepoteza babu, lakini amepata karatasi ya kuandika. Akasema jambo hili lisiachwe kwa mdomo. Ataandika hati, mimi nitie sahihi kama mwana wa kwanza na mkuu wa nyumba ya Yokana, kwamba nyumba hii na nyumba ya Obore hazina damu ya pamoja. Ijumaa hati na majibu vitasomwa pamoja. Akamwomba Lillian kompyuta.

Ndipo Bibi Teopista akainuka, akajikung'uta gomesi.

"Mkwe," akasema, "kabla mimi sijakwenda, nipeleke nione udongo ya mzee wangu."

*

Tulikwenda wawili tu, nyuma ya nyumba. Nilidhani anataka kuuchukua udongo wake, na ningekuwa yeye ningeuchukua pamoja na matusi. Nikaanza kuomba radhi upya.

Yeye alikuwa anatazama kaburi la baba yangu. Tulizika ule udongo pembeni yake, bega kwa bega.

"Hapa nani alichagua?"

"Mimi. Palikuwa na nafasi."

"Ulichagua vizuri," akasema.

Akakaa kwenye saruji ya kaburi bila kuniomba ruhusa. Kwetu mgeni hakai juu ya kaburi. Wenye nyumba ndio wanaokaa, tena kwa huzuni.

"Ile mzee ya baiskeli, kwa picha. Ni baba yako?"

Nikasema ndiye.

"Siku ya kwanza nimekuja hapa, nimeingia kwa nyumba, nimeona bwana yangu kwa ukuta. Amevaa kanzu. Nilitaka kuanguka. Nasirumbi akasema ni jua, akanipa maji."

Nikamwambia wazee wote hufanana picha zikishachakaa. Nilisema hivyo haraka, kama ninavyosema sasa.

Hakunibishia. Alinieleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha soko la Tororo, mambo ambayo Obore alimwambia siku za mwisho wa ugonjwa wake. Kwamba mama yake Obore alikuwa msichana wa Mulanda. Kwamba mwalimu wa dini, kijana wa Kisamia kutoka Buhehe, alikuja kufundisha huko kabla hajaoa. Kwamba mtoto alipozaliwa mwalimu alikwisha rudi kwao kufunga ndoa, lakini alikuwa anakuja kila Pasaka, na baiskeli, na kaptura mpya ya mtoto. Jina lake hawakuambiwa. Walikuwa wakimwita Mwalimu.

"Mama yake alikuwa anamfungia simsim ya kurudi nayo," akasema.

Hapo nikatafuta na mimi mahali pa kukaa.

Kila Jumatatu ya Pasaka, utoto wangu wote, baba alirudi kutoka Mulanda na mfuko wa ufuta, hiyo simsim, nyuma ya baiskeli. Kazi ya Bwana, alisema. Sisi watoto tuligombania. Mama aliikaanga, akaitwanga, akatugawia, na hakuwahi kuionja. Nilimwuliza mara moja kwa nini, akasema inamkwama kooni.

Nami, nilipotafuta mahali pa kumpeleka Odwori, dunia nzima ilikuwa wazi mbele yangu. Ningeweza kumpeleka Mbale, ningeweza kumpeleka Kisumu. Mkono wangu uliandika Mulanda, na mimi nikadhani nimetunga.

"Mimi si mkwe yako, mzee," Bibi Teopista akasema. "Mimi ni shemeji yako."

Nilimwuliza kwa nini alinyamaza. Alinitazama kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini chungu kina moto.

"Ndugu wa karibu hawakatwi. Kwenu hivyo, kwetu hivyo. Lakini Odwori yako ilikuwa ya mbali. Nikasema, Mungu ametuletea Odwori. Wazee watakata Odwori, na chini ya Odwori watakata baba yako, na hakuna mtu atajua wamekata nini. Watoto wataoana. Na mzee wangu amelala hapa na baba yake." Akashusha pumzi. "Kondoo ilikuwa inafanya kazi yote. Wewe umeenda umeifungua."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeandika kwa kitabu."

Sikuweza kukana. Ningeandika, tena na tarehe.

Nikamwuliza tufanye nini. Akasema yeye ni mwanamke mzee asiyesoma, na mwenye kalamu ni mimi. Akasema Brian amekula leo kwa mara ya kwanza tangu pete irudi. Akasema leo nimetoa ukweli mmoja, watu wamepiga vigelegele, lakini huu mwingine hajui watapiga nini. Kisha akaniomba nimpe mkono ainuke. Nilimpa. Vidole vyake vilikuwa baridi, na vyangu pia.

Udongo hakuuchukua.

*

Uani walikuwa wananisubiri. Mangeni alikuwa amemaliza hati, na kwa kuwa hakuna mashine ya kuchapa karibu, alikuwa ameinakili kwa mkono, mwandiko wa kichifu ulionyooka kama mstari wa kamba. Akanisomea kwa sauti mbele ya watu wote, naye Bibi Teopista akarudi kwenye kiti chake upande wa Mulanda, akatazama magoti yake.

*Mimi, Vincent Ojiambo, mwana wa kwanza wa marehemu Katekista Yokana, nathibitisha kwamba nyumba yangu na nyumba ya marehemu Obore wa Mulanda hazina damu ya pamoja.*

Mstari mmoja tu, na nilikuwa nimekwisha kuhesabu uongo mara mbili. Kwanza, kama mama yule alisema kweli, mwana wa kwanza wa Yokana si mimi. Amelala nyuma ya nyumba, ndani ya kitambaa. Pili, damu ya pamoja ipo.

Nikitia sahihi, harusi ipo, mpaka Ijumaa. Nikikataa, nitaeleza nini, na nani ataniamini mtu wa suruali ya kijivu? Au wataniamini, na hapo ndipo mambo yatakapokuwa mabaya zaidi. Picha ya baba ilikuwa inaonekana kupitia mlango ulioachwa wazi. Nilimtafuta usoni alama ya aibu, sikuiona. Alikuwa ameshika baiskeli yake kwa fahari, kama mtu anayekaribia kuondoka.

Mangeni akanipa kalamu. Ilikuwa ya wino wa buluu. Mkono wangu, ambao umetia sahihi malori elfu, ukabaki juu ya karatasi bila kushuka.

Lillian alidhani ni macho. Akainama begani kwangu, pete kidoleni, akinukia sabuni kama tangu utoto, na sasa dawa, akaweka kidole chake palepale kwenye mstari wa nukta.

"Ni hapa tu, Kuka," akasema. "Usiache nafasi tupu."